Zamu ya Kikombe Chekundu

Kinu kilipotoa kikombe chekundu kikaandika juu yake kitanda cha pili, nilikigonga. Nilikigonga kwa kiganja kama mtu anavyogonga redio mbovu, nikitumaini kitajirekebisha. Wapi. Kilisema kwa ile sauti yake ya msoma taarifa ya habari, "Muuguzi Otilia, zamu imeangukia kitanda cha pili. Ini lake lina nguvu ya kutosha. Tafadhali mpe baada ya uji."

Kitanda cha pili kilikuwa cha baba yangu.

Mtu asiyetoka huku kwetu Litembeko atauliza kikombe chekundu kina nini, na mimi sina subira ya maelezo marefu, lakini haya. Saratani ya ini ilikuwa inatumaliza. Tulikula mahindi yenye sumukuvu miaka nenda rudi, tukaugua homa ya ini utotoni bila kujua, na vyote viwili vikakutana ndani ya mtu mmoja. Dawa ikitolewa moja moja ilishindwa, maana saratani huizoea, kama mbuzi anavyozoea kelele za mwenye shamba. Ndipo vikaletwa vinu. Kinu ni mashine, ukubwa wake kama kabati la vyombo, na kinachanganya dawa tatu au nne katika kikombe kimoja. Moja inaivua saratani vazi inalojifichia ili kinga ya mwili iione. Nyingine inaziba mishipa ya damu inayoilisha. Nyingine inaingia ndani kwenda kuivuruga. Shida ni kwamba ini ndilo jiko la mwili, na kila dawa unayomeza linaipika lenyewe. Kwa hiyo unalitibu huku unalitwisha mzigo, na mchanganyiko ukikosewa unaliunguza.

Kikombe cheupe ni mchanganyiko uliokwisha kuthibitika. Ila cheupe hakidumu, baada ya misimu michache saratani inajifunza njia ya kukikwepa. Ndiyo sababu ya chekundu. Chekundu ni mchanganyiko mpya ambao Kinu kimeupigia hesabu lakini haujapita kwenye koo la mtu yeyote. Kila anayekunywa cheupe atakunywa chekundu mara moja, siku atakayoitwa, ili wengine wapate cheupe kipya. Hiyo ndiyo zamu. Wengi walikunywa wakasumbuka tumbo tu. Wengine macho yaligeuka manjano, tukawazika.

Hatukulazimishwa na mtu. Tuliikubali zamu wenyewe kwenye mkutano wa kijiji, kwa kunyoosha mikono, na aliyesimama siku ile akasema mpaka wabishi wakanyamaza alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Meinradi Mbano. Huyohuyo wa kitanda cha pili.

Nilimkuta kwenye baraza la kituo na wagonjwa wenzake, wamekaa juani baada ya uji. Kando yake alikuwa Mama Kikoti, mjane wa mwalimu, Mhehe aliyehamia kwetu na mumewe zamani akabaki. Wangoni na Wahehe babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakafanya utani. Mtani atakutukana, atakula chako, atakuvua kofia mbele za watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unatozwa faini.

"Ficheni mbwa," baba alikuwa anasema, "Mhehe ameshashiba uji, sasa anatafuta nyama."

"Nyama ya nani? Wewe mla panya, hata mbwa hakutaki," alijibu Mama Kikoti.

Kisha wakaona rangi ya kikombe mkononi mwangu.

"Baba," nikasema. "Ni leo."

Alikipokea kwa mikono miwili. Baba yangu ni mtu wa kanisani sana, hali embe bila ishara ya msalaba. Akafumba macho, akaanza kusali, na sala yenyewe ikawa ndefu. Alipita kwa watakatifu wote anaowajua na wengine nadhani aliwabuni. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nasali sala yangu fupi isiyo na adabu: Mungu, asinywe.

Nikasikia kiti kikilia. Mama Kikoti aliinama, akakichomoa kikombe katikati ya vidole vya baba, akakimimina chote kinywani. Akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Ameni," akasema. "Mngoni, sala yako ingefika Songea na kurudi."

Watu walicheka. Wanacheka kwa sababu mtani amechukua cha mtani, ndivyo mwili unavyozoea, unacheka kabla ya akili kufika. Akili ilipofika, kicheko kikakatika. Baba alifumbua macho, akatazama mikono yake mitupu, akamtazama Mama Kikoti. Halafu na yeye akacheka, kicheko kirefu cha kutetemeka, na niliona mabega yake yakishuka.

Mimi nilifurahi. Sitapamba maneno hapa. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Kinu kiliita kutoka ukutani. "Muuguzi Otilia, mgonjwa wa kitanda cha pili amekunywa?"

Wote barazani walinitazama. Baba hakunitazama.

"Amekunywa," nikasema.

*

Nilisubiri wengine wapelekwe kupumzika, nikamfuata Mama Kikoti kitandani kwake nikiwa na kifungua mkononi. Kifungua ni unga wa kijivu unaoukoroga kwenye maji. Unazikamata dawa za kikombe popote zilipo mwilini na kuzitoa kabla hazijaliunguza ini. Kinafaa kama utakinywa mapema. Macho yakishakuwa manjano kabisa, unakoroga bure.

"Mama, kunywa hii," nikamwambia.

"Sinywi."

"Mama Kikoti, utani umekwisha. Watu wamecheka, sasa kunywa."

Alikuwa ameegemea mto, amejifunga kitambaa kichwani vizuri kama mtu anayengoja wageni.

"Kaa, Sista. Unanisimamia kama askari."

Nikakaa.

"Cheupe changu kimegoma," akasema. "Tangu wakati wa kupukuchua mahindi. Hukuona nilivyokonda? Nimekiomba Kinu zamu, nimekiomba na kukiomba. Kinanijibu, samahani mama, ini lako limechoka, halitahimili chekundu, endelea na cheupe. Yaani niendelee na kisichofanya kazi kwa sababu kinachoweza kufanya kazi kinaweza kuniua. Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mzima?"

Majibu ya Kinu nilikuwa nayajua, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea kikombe cheupe kila jioni na kumwambia aendelee hivyohivyo, atapata nafuu.

"Kwa hiyo hukufanya kwa ajili ya baba," nikasema.

"Kwa ajili yake kidogo. Kwa ajili yangu sana." Akatabasamu. "Yeye ana wewe. Asubuhi uso wako ulikuwa kama wa mtu anayepelekwa jela. Nikasema, mimi nakitaka, huyu hakitaki, binti yake hakitaki. Hapo nani anaonewa?"

"Ukifa?"

"Nitakuwa nimekufa nikijaribu. Mwalimu wangu alikunywa chake, akafa, na hicho cheupe kinachomweka baba yako hai kilitoka kwenye zamu yake. Unajua hilo?"

Nilijua. Kila mtu pale alijua. Mwalimu Kikoti alikunywa chekundu akafa kabla ya Pasaka, na kutokana na ini lake Kinu kikajua dawa ipi ya kupunguza, na waliofuata wakapona au wakasogeza siku zao mbele. Baba alikuwa mmoja wao.

"Basi niache na changu," akasema. "Na hiki usikirudishe mahali pake." Akafungua fundo la khanga akanionyesha kiraka chake.

Kiraka ni kitu kama plasta, tunakibandika ubavuni juu ya ini. Kinasikiliza jinsi ini linavyofanya kazi na kukiambia Kinu. Hakijui umemeza nini, kinajua tu kama ini linafanya kazi kwa raha au kwa taabu. Mama Kikoti alikuwa amekibandua ili Kinu kisimsikie.

Palepale Kinu kikaita. "Muuguzi Otilia, kiraka cha kitanda cha nne kimekaa kimya."

Tulitazamana mimi na yeye.

"Anaoga," nikasema kwa sauti. "Kitarudi."

Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, hilo nawaambia bila kuulizwa. Nikarudisha kifungua kabatini. Nilijiambia kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ameamua, na baba ameepuka kikombe, na hakuna aliyeumia. Nilijiambia hivyo huku nakunja mashuka, na mashuka yenyewe nikayakunja vibaya.

*

Baada ya chakula cha mchana Mama Kikoti alikataa kula. Nikamwambia anyooshe mikono mbele, viganja juu, kama tunavyowapima wote. Viganja vilianza kupigapiga vyenyewe, taratibu, kama anayemwambia mtu kwaheri. Hiyo ni dalili ya ini kulemewa, taka zimeanza kupanda kichwani. Nikamvuta ngozi ya chini ya jicho. Weupe ulikuwa umeanza kuchafuka.

"Leo siku gani, mama?"

"Ya soko," akasema. Haikuwa ya soko. Akafikiri, akajua amekosea, akaona haya. "Usinikazie macho hivyo, Sista. Ni usingizi tu."

Nilikuwa bado nimeshika mkono wake Kinu kilipozungumza, na kwa mara ya kwanza sauti yake niliisikia kama ya mtu aliyefurahi, ingawa najua ni waya na mirija tu.

"Muuguzi Otilia, habari njema. Ini la kitanda cha pili limeupokea mchanganyiko bila taabu yoyote. Katika zamu zote sijawahi kuona ini tulivu hivi. Mchanganyiko huu ni mpole. Kwenye vituo vya kusini wako wagonjwa ambao cheupe chao kimegoma na maini yao yamechoka, nimekuwa nikitafuta kitu kipole kwa ajili yao. Nitawapa huu kwenye vikombe vya jioni."

Niligeuka kuutazama ukuta ile sauti ilikotoka.

Nifafanue, maana hapa ndipo nilipojiona mjinga. Vinu vyote vya kusini ni kama ndugu wanaokula sahani moja, kinachofundishwa kimoja wanakijua wote. Kinu chetu kilikuwa kikisikiliza ini la baba yangu, ambalo halikunywa kitu isipokuwa uji na chai ya rangi, na kilikuwa kimejifunza kutoka kwake kwamba mchanganyiko ule hauumizi. Na kilikuwa kinakwenda kuwapa nani? Watu wa hali ya Mama Kikoti. Watu wenye maini kama hili lililokuwa linaungua mbele yangu, mkono wake mkononi mwangu ukipigapiga. Kengele ya jioni ikilia, kwenye kila kituo muuguzi kama mimi atabeba sinia ya vikombe vyeupe, atamwambia mgonjwa wake anywe atapata nafuu, na yule atakunywa kwa sababu anamwamini.

Nilikwenda kwa baba. Sikwenda kwenye Kinu. Nilikwenda kwa baba kwanza, kama mtoto.

Alikuwa amelala ameelekea ukutani, hajalala usingizi. Nikaketi ukingoni mwa kitanda nikamweleza yote, hali ya Mama Kikoti na habari njema ya Kinu. Alisikiliza bila kugeuka.

"Nilisikia kiti," akasema nilipomaliza.

"Kiti gani?"

"Cha mtani. Kilipolia. Nilikuwa nimeshawamaliza watakatifu wangu, nikawa nawarudia tu. Nikasikia kiti kinalia, nikajua anakuja, namfahamu. Ningeweza kufumbua macho. Niliyabana zaidi."

Nilimwona baba yangu kwa nyuma, shingo yake ilivyokuwa nyembamba, kola ya shati ikiwa pana.

"Mimi nilikuwa naomba usinywe," nikasema.

"Najua. Ulikuwa unapumua kama fahali." Akageuka, akakaa. Alikuwa amelia, na hakujificha. "Naogopa, mama. Naogopa mpaka tumboni. Siku ile ya mkutano nilisema vizuri kwa sababu sikuwa mgonjwa. Mtu mzima anaweza kusimama mbele ya watu akagawa vifo kama anagawa mbolea, kama chake hakimo kwenye fungu."

"Nikisema kweli, kitakuletea kingine."

"Kitaniletea."

"Na ini lako ni zima, baba. Cheupe chako kinafanya kazi. Una miaka hapa."

"Nina miaka ya Mwalimu Kikoti," akasema. "Siyo yangu ile. Nimeazimwa."

Nilikasirika. Nilimwambia asiniletee hotuba za uenyekiti, kwamba mama alishakufa, kwamba mimi sina mwingine, kwamba mtani amechukua kwa hiari yake na mila inasema kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Nilisema hayo yote na mengine nisiyoyakumbuka, nikiwa nimeshika shuka lake kwa ngumi.

"Mila hiyo ni ya kuku na kofia," baba akasema taratibu. "Haikuwekwa kwa ajili ya kifo cha mtu. Mtani hawezi kubeba kifo changu akaondoka nacho, hata akitaka. Na hao wa jioni huko vituoni hawana utani na mimi. Otilia. Nenda kaseme."

Sikuinuka.

"Nenda, mwanangu, kabla sijabadili mawazo. Maana nitabadili."

*

Nilisimama mbele ya Kinu. Kimetengenezwa bila uso, kina kioo kidogo cheusi tu, na nilijiona humo, kofia yangu ya uuguzi imeenda upande.

"Nilikudanganya," nikasema. "Kitanda cha pili hakunywa. Kitanda cha nne ndiye aliyekunywa, na kiraka chake amekivua, na mimi nilijua. Zuia vikombe vya jioni."

Nilisikia ndani yake vitu vikizunguka na kusimama.

"Vimezuiwa," kikasema. "Tafadhali rudisha kiraka cha kitanda cha nne."

Nilikimbia. Mama Kikoti alikuwa anaongea na mumewe, anamwuliza kwa nini amechelewa shuleni. Nikafungua fundo la khanga, nikambandika kiraka ubavuni. Alijaribu kunizuia, mkono ukapotea njia.

Kinu kilisikiliza. Kisha kikasema jambo ambalo ningependa kisingelisema.

"Mishipa inayolisha uvimbe wake imeanza kuziba. Dawa inafanya kazi. Ini linaungua. Bila kifungua hatafika asubuhi. Akipewa kifungua, dawa itatoka yote, na uvimbe utarudi kulishwa kama kawaida. Uamuzi ni wa mgonjwa."

"Mgonjwa hajui hata leo siku gani!"

"Mgonjwa alikuwa na akili timamu asubuhi," Kinu kikasema. "Alisema nini asubuhi?"

Asubuhi alisema hanywi. Hapo mashine ilinishinda, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikoroga kifungua hivyohivyo, nikamwinulia kichwa, akakaza meno. Kichwani alikuwa amekwenda mbali lakini meno yalikumbuka. Nikajaribu tena, maji yakamwagikia kifuani. Ningeweza kumbana pua. Nimewahi kufanya hivyo kwa watoto. Niliweka vidole puani kwake nikaviondoa, maana mtu huyu aliniambia wazi anataka nini, na nilikuwa nimeshachagua mara moja kwa niaba ya watu wengine siku hiyo na matokeo yake yalikuwa haya.

"Nipe hicho," baba akasema nyuma yangu.

Alikuwa ametembea mwenyewe, akishika vitanda. Akachukua kikombe cha kifungua, akaketi palepale kitandani kwa Mama Kikoti bila kuomba ruhusa, kama mtani anavyokaa.

"We Mhehe," akasema.

Macho ya Mama Kikoti yalimtafuta, yakamkuta.

"Umekula changu leo mbele za watu," baba akasema. "Mimi nilikasirika? Sikukasirika. Nilicheka. Sasa ni zamu yangu. Nimekuletea na mimi kitu, na huruhusiwi kukataa. Ukikataa unatoa faini."

Midomo ya Mama Kikoti ikachezacheza.

"Umetia sumu ya panya," akasema, sauti nzito kama ya mlevi.

"Panya ni chakula changu, nitawekaje sumu?"

Kitu kama kicheko kilimtoka puani. Kisha akamtazama baba, akamtazama sana, na nadhani kwa dakika ile alikuwepo na alijua kikombe kile ni cha nini na kinamnyang'anya nini. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia kwenye kitambaa.

"Mngoni mwizi," akasema.

"Ndiyo," baba akasema. "Kunywa."

Akafungua kinywa. Baba alimnywesha kidogo kidogo, akimfuta kidevu kwa mkono wa shati lake, mpaka kikaisha.

Jua lilikuwa linateremka kwenye madirisha ya upande wa bonde mikono ya Mama Kikoti ilipoacha kupigapiga. Nilimwuliza leo siku gani, akanitajia siku yenyewe na kuongeza kwamba mimi ni msumbufu. Kisha akaniambia nisogee.

"Umeninyang'anya nafasi yangu, Sista. Ulikubali halafu ukageuka. Nataka ujue kwamba najua."

"Najua, mama."

"Sijakusamehe."

"Sawa, mama." Na ilikuwa sawa. Nilitaka kumpigia magoti lakini hakuwa mtu wa kutaka hivyo.

Kengele ya jioni ikalia. Kinu kikasaga, kikatoa vikombe vyeupe vya kila kitanda kama vya jana. Mwisho wa sinia kikaweka chekundu, kitanda cha pili.

Nilijaribu. Nisiseme sikujaribu. Nilikiambia kwamba kimeshajifunza kutoka kwa Mama Kikoti, kwamba mchanganyiko kimeuona ndani ya mtu, kinataka nini tena.

"Nimejifunza kwamba unaziba mishipa," Kinu kikasema. "Nimejifunza kwamba ini lililochoka halihimili. Sijajua kama ini lenye nguvu litahimili. Kama litahimili, nitajua kiasi gani cha kupunguza kwa ajili ya waliochoka, na kitanda cha nne atakuwa wa kwanza kupewa. Zamu bado, Muuguzi Otilia. Anaweza kukataa."

Nilibeba sinia. Baba alikuwa bado ameketi kitandani kwa Mama Kikoti, hakurudi kwake. Nilimweleza maneno ya Kinu yote, pamoja na lile la mwisho, kwamba anaweza kukataa. Nililirudia hilo la mwisho. Mama Kikoti alikuwa anasikiliza.

"Mtani," akasema, na hapakuwa na mzaha ndani yake, "usinywe kwa ajili yangu. Nitakudai nini ukifa?"

"Ukinizika utakaa kaburini kama watani wote, ukatae kutoka mpaka wakupe mbuzi," baba akasema. "Umri wako wote umeingojea siku hiyo."

"Ng'ombe. Mbuzi ni wa Wangoni wadogo."

Baba alinyoosha mikono. Nilitakiwa kumpa. Kanuni ni kwamba muuguzi anampa mgonjwa mkono kwa mkono, na muuguzi nilikuwa mimi. Mikono yangu ilikishika kikombe kikakaa hapo. Baba hakukivuta. Alingoja tu, amenyoosha mikono, mpaka nikaachia.

Akafanya ishara ya msalaba kwa mkono mmoja. Kikombe alikuwa amekiweka pajani, akakifunika kabisa kwa mkono wa pili. Akaanza kusali, na safari hii alikuwa anamkodolea macho Mama Kikoti bila kupepesa.

"Mngoni gani anasali macho wazi?" Mama Kikoti akauliza.

"Anayekujua."

Hakuita watakatifu wengi. Akanywa bila kupumzika, kama mtu aliyetoka shambani, akanirudishia kikombe. Mkono wake ulikuwa baridi. Mama Kikoti alijivuta kando, akampa nafasi ya kuegemea ukuta, wakakaa pamoja wakitazama mlangoni.

"Muuguzi Otilia," Kinu kikasema, "mgonjwa wa kitanda cha pili amekunywa?"

Nilikigeuza kikombe chini juu kwenye kiganja changu. Hakikudondosha hata tone.

"Amekunywa," nikasema.